Neno Refu, Pumzi Fupi

Bwenini, ghorofa ya juu
4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miwani yako bado ina miguu yote miwili. Mimi ni mzima wa mwili, roho ndiyo inayotangatanga. Msalimie sana mama. Mwambie soksi zimefika, na mwambie pia kwamba mguu wangu uliacha kukua tangu darasa la saba.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Unaikumbuka ile ya mwezi uliopita? Wewe ulikwama kwenye "ha-ha-habari", mimi nikadhani unacheka, nikacheka na mimi, salio likaisha hatujavuka salamu. Wenzetu hurithi mashamba, sisi tumerithi kigugumizi. Hata jina la Cherehani mlilonipa nyumbani kwa ajili ya hii ta-ta-ta-ta yangu limenifuata mpaka chuoni, sijui nani alilipandisha basi.

Sasa jambo lenyewe. Nimefeli mtihani wa mdomo. Ufamasia naujua, Mjomba, kwenye karatasi hakuna anayenikamata. Lakini huu wa mdomo unasimama mbele ya jopo la watu watatu, unapewa cheti cha daktari, unaeleza kwa Kiingereza dawa ni ipi, inatumiwaje, na nani asipewe. Nilipofika kwenye contraindication, yaani sababu ya kumnyima mgonjwa dawa fulani, ulimi ukaganda. Con-con-con. Yule mama anayekaa katikati akanihurumia, akalimalizia. Neno lililofuata akalimalizia jirani yake. Mwishowe walikuwa wanashindana nani ataniwahi. Kisha wakaandika kwamba mtahiniwa hakumaliza maelezo yake! Wanimalizie wao, halafu kutomaliza kuwe kwangu. Hiyo ni haki kweli?

Nitarudia mwezi wa sita. Nikifeli tena, chuo basi.

Wewe kutwa unasoma Kiingereza cha watu hapo kiwandani mnapochapa vitabu. Naomba unikatie maneno marefu vipande vipande, niyameze kidogo kidogo. Nimekuandikia machache nyuma ya karatasi hii. Na uniambie, wewe huwa unayapitishaje mdomoni?

Mpwa wako,
Cherehani

•

22 Februari

Mpwa wangu Cherehani,

Marahaba. Miwani ina mguu mmoja na uzi. Mama yako hajambo, Jumapili alikuja kunipikia akanisimulia habari zangu mwenyewe kabla sijazisema. Unamjua dada yangu, ukifungua mdomo tu yeye ameshafunga sentensi. Mezani nilitaka chumvi. Nilipoanza "na-na-naomba" akanimiminia maji. Nikayanywa, nifanyeje?

Habari ya mtihani imenikaa rohoni. Mwenda pole hajikwai, wanasema wenye ndimi zao. Sisi tunakwenda pole na tunajikwaa vilevile.

Kukata maneno ndiyo kazi yangu, hapo umegonga mlango wenyewe. Neno likizidi mstari tunalikata, tunaweka kistari, mkia unashuka mstari wa chini. Lakini si kila mahali panakatika. Huwezi kuacha herufi moja au mbili zikae peke yake mwanzo wa mstari kama yatima. Nimekukatia kwa kanuni hiyo: contraindi-cation. Hypersensitiv-ity, ile ya mwili kuikataa dawa. Incompatibil-ity, ile ya dawa mbili zisizopatana. Sema kipande cha kwanza, vuta pumzi kwenye kistari, malizia. Mambo yatanyooka.

Hayo mengine uliyouliza tutaongea.

Mjomba wako

•

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mwenzangu wa kitanda cha chini ananiomba nikatembee nje. Anasema sikai, silali, na nikikaa natikisa kitanda kwa mguu. Basi natembea ukumbini, mlango hadi mlango, nikinong'ona maneno yako. Wenzangu wanadhani nasali.

Juzi niliyajaribu darasani. Nikasema "hypersensitiv", nikafika kwenye kistari chako, nikavuta pumzi kwa utiifu wote, kisha "ity". Mwalimu akaniuliza kwa upole kama nina pumu. Darasa zima hoi kwa kicheko. Mjomba! Karatasi hukata neno pale nafasi inapokwisha. Mimi nafasi ninayo, kinachoniishia ni pumzi.

Halafu kuna huu mkazo. Kwetu mkazo una adabu, unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, uwe umesema DAwa au hospiTAli. Ukilala ukiamka, unaukuta palepale. Wa Kiingereza unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kazi yangu mwenyewe, tazama: PHAR-ma-cy. Sawa, umekaa mwanzoni. Ukiongeza kidogo tu, phar-ma-COL-o-gy, umeshahama. Phar-ma-CEU-ti-cal. Nami nikishaweka uzito pasipo pake, wananikunjia uso, nikiona uso umekunjwa ulimi unaganda, na ukiganda tu wananimalizia. Ndiyo mzunguko wangu huo.

Nina swali, usinikasirikie. Umewahi kulitamka hata moja kati ya haya? Kwa sauti?

Cherehani

•

11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku mvua. Paa la chumba cha prufu, zile kurasa tunazosahihisha kabla ya kuchapwa, linavuja, kwa hiyo meza zetu zimehamishiwa kando ya mashine kubwa ya kuchapa. Hapo hata ukimwita mtu hakusikii, tunaongea kwa mikono. Kwangu ni raha tupu. Mama yako hajambo. Ana jambo lake, alileta karatasi nikamtazamia koma, atakuambia mwenyewe.

Ile ya pumu nilicheka, kisha nikaona haya. Kosa ni langu. Nilikukatia neno la macho, wewe ulitaka neno la mdomo.

Nimekaa na kamusi kubwa ya ofisini, ile inayoweka alama ndogo mbele ya silabi nzito. Nimeipekua mpaka msimamizi akauliza kama nimepoteza kitu ndani yake. Kuku wako, mpwa wangu, ana kiota! Usitazame kichwa cha neno, tazama mkia. Mkia ukiwa -tion au -ity au -ical, uzito unakaa kwenye silabi inayotangulia mkia. Con-tra-in-di-CA-tion. Hy-per-sen-si-TIV-i-ty. In-com-pat-i-BIL-i-ty. Hata hiyo phar-ma-CEU-ti-cal yako imo. Silabi zinazoutangulia uzito ni ngazi tu. Sisi tunang'ang'ana na ngazi ya kwanza kana kwamba ndiyo nyumba. Zipande kwa ncha ya kidole, nyepesi nyepesi, ukiwa umeshatazama juu unakokwenda. Mguu mzima uuweke kwenye uzito.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Mvua inanyesha sana huku.

Mjomba wako

•

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na salamu ziishie hapo.

Leo mkuu wa idara ameniita ofisini kwake. Akanipa kiti, akanipa na maji, nikajua kuna jambo. Akasema familia yangu imeandika kuomba kwamba, kwa hali yangu, huu mtihani wa mdomo niufanye kwa maandishi. Kwa hali yangu! Amekubali, tena kwa furaha, kama mtu aliyeondolewa mzigo. Ila nikiufanya hivyo, cheti changu kitakuwa cha stoo. Nitapanga maboksi nyuma ya ukuta mpaka nistaafu. Dirishani sitakaa kamwe.

Mimi nilikuja kusomea dirisha, Mjomba. Mtu anapokea dawa zake, anazigeuzageuza, anauliza, "Sasa hizi nazimezaje?" Nataka niwe mimi wa kumjibu. Sina ndoto nyingine.

Niliomba kuiona hiyo barua. Kiingereza kimenyooka kama rula, koma kila moja mahali pake. Mama yangu hajawahi kuweka koma maishani mwake, hata akiongea. Nikajua ni mkono wa nani.

Mama nimemzoea. Hunimalizia sentensi kwa sababu ananipenda na hana subira. Lakini wewe! Wewe unayekunywa maji ukitaka chumvi! Unajua inavyouma mtu kukuchukulia neno mdomoni, ukaenda kunimalizia masomo yangu yote kwa karatasi moja, halafu ukanifundisha kupanda ngazi. Nimeumia. Naandika nimesimama kwa sababu kukaa siwezi.

Natakiwa kujibu kabla mwezi huu haujaisha. Na wewe bado hujanijibu swali langu.

Cherehani

•

24 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua yako, na sitaisingizia posta.

Nimesaini. Nimechagua mdomo. Mkuu wa idara aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ndi-ndi-ndiyo, akaonekana kama anataka kunihurumia tena, nikaondoka.

Hasira zangu hazijaisha ila ngazi zako nazitumia, siwezi kukuficha. Ukumbini kuna vigae vidogo na vikubwa. Vidogo navipita kwa ncha ya kiatu, kikubwa nakikanyaga: in-com-pat-i-BIL. Mwenzangu wa kitanda cha chini ndiye jopo langu sasa. Nimemkataza kunisaidia. Nikikwama ananitazama tu kama mtu anayesubiri maji yachemke. Kukwama bado nakwama, ila sikimbii tena.

Mtihani ni tarehe 14 Juni. Mama haniandikii. Mzima?

Cherehani

•

1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima, nitamfikia.

Jibu la swali lako ni hapana. Sijawahi kulitamka hata moja. Nimesoma Kiingereza kwa macho tangu nikiwa kijana, mdomo haukualikwa. Nilikuwa nakufundisha kuogelea nikiwa nimekaa ukingoni na viatu vyangu.

Na ile barua, ndiyo, mkono ni wangu. Mama yako aliponiletea, nilisema moyoni afadhali mtoto akae nyuma ya ukuta kama mimi, huku hakuna anayekucheka. Nilidhani nakukinga. Sikukukinga, nilikuwa najitafutia mwenzangu wa huku nyuma. Nisamehe, binti yangu.

Barua yako ya hasira niliisoma nikashindwa kuijibu. Kila nilichoandika kilikuwa kizuri mno, na mimi nimechoka na vizuri vya karatasini. Nikaamua sitakuandikia mpaka niwe nimesema kitu kwa mdomo.

Nilikuambia tumehamia kando ya mashine kubwa. Nikaona hapo ndipo, kelele zile zingemeza hata radi. Nikaanza kuyatamka maneno yako huku nasahihisha. Nakwama, nakwamuka, hakuna shahidi. Nikanogewa. Nikaongeza sauti. Jumanne nilikuwa kwenye lile lako, nimepanda con-tra-in-di nyepesi nyepesi, nimejaza kifua kwa ajili ya uzito, na umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza ghafla. Kiwanda kizima kikamsikia Mzee Kimya, ndivyo walivyozoea kuniita, ananguruma: "CA!"

Na hapohapo nikakwama. CA-CA-CA. Watu wote wamegeuka, fundi mashine na kopo lake la mafuta mkononi, wafungashaji wameacha kufungasha. Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani. Msimamizi akafungua mdomo kunisaidia. Sijui nilipata wapi, nikainua kiganja kumzuia kama askari wa barabarani. Nikangoja. Nao wakangoja. Kisha likatoka, "-tion", dogo, lakini langu. Msimamizi akasema, "Kweli kimya kingi kina mshindo mkuu." Wakacheka, nami nikacheka, na sikufa. Tangu siku hiyo wananiita Daktari.

Jumapili nikamwambia mama yako kwamba tumekukosea. Kwa mdomo, si kwa karatasi. Alinimalizia na kunimalizia, kila mara vibaya, mara akadhani naumwa, mara akadhani naoa. Mwisho nikamshika mkono, akanyamaza. Nikamaliza. Alilia, akasema, "Kumbe ndiyo sauti yako." Anaona haya kukuandikia. Mwandikie wewe kwanza.

Sikutumii neno jingine. Unayo yote.

Mjomba wako

•

23 Juni

Mjomba wangu, Daktari,

Shikamoo! Mara akadhani unaoa! Nimeisoma sehemu hiyo mpaka mwenzangu wa chini ameikariri. Mama nimemwandikia. Amejibu ukurasa mzima bila koma hata moja, nikajua tumepatana.

Sasa sikiliza. Walikuwa walewale watatu, na yule mama katikati. Mguu mmoja hautulii ndani ya kiatu. Kabla sijapokea cheti cha daktari niliwaambia, kwa Kiingereza, kwamba nitakwama, tafadhali msinimalizie, nitafika mwenyewe. Na hapo hapo nikakwama kwenye "please", hiyo tafadhali yenyewe! Ikabidi waanze kazi ya kungoja kabla hata mtihani haujaanza.

Hypersensitivity ilipita kama maji. Incompatibility ikasuasua, ikapita. Kisha lile lenyewe. Con-tra-in-di, napanda, natazama juu, na kwenye CA nikaganda, palepale ulipogandia wewe. Ukoo huu! Nikawa nasikia feni ya dari tu. Yule bwana wa kulia akavuta pumzi, nikaona neno langu limeshafika kwenye meno yake. Mjomba, yule mama wa katikati akaweka mkono juu ya mkono wake. Akamzuia. Hakunitazama kwa huruma, alinitazama kama mtu anayetaka kujua jibu. Nikakumbuka kiganja chako. Nikaacha kusukuma, nikangoja, likatoka lote, na mkia wake.

Yule bwana hakukubali kushindwa. Akaniuliza, mgonjwa atakuwa na muda wa kukungoja hapo dirishani? Nikamwambia mgonjwa ameshangoja kwenye foleni nzima, hatashindwa kungoja neno moja. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani.

Matokeo yamebandikwa leo. Nimepita! Alama si za kutamba, kwa mwendo wangu wa pole wamenikata, lakini ni za dirishani. Nilitembea ukumbini nikasahau kuhesabu vigae.

Sasa barua zimetosha. Nataka nikusikie.

Cherehani wako

•

5 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako mama yako aliisoma kwa sauti mbele ya majirani, na wewe ulipoganda yeye aliganda pia, akaziba mdomo kwa mkono asije akakumalizia.

Jumapili hii, tukishaondoa vyombo mezani, nitakupigia simu. Nimeweka salio la kutosha hata kwa watu wa ukoo wetu. Nina neno moja la kukuambia, la Kiingereza, refu, nimelikata mwenyewe kwa mdomo: con-grat-u-LA-tions. Mkia wake unaujua, uzito wake unaujua. Fundi mashine anasema nalisema vizuri mashine ikiwa imewashwa. Hapa nyumbani hakuna mashine, kuna mama yako tu, na ameahidi kukaa uani.

Litachukua muda. Ukisikia ha-ha-ha, sicheki. Ukisikia kimya, sijakata. Neno lenyewe umeshalijua, na nitakapokwama utakuwa nalo tayari mdomoni. Lizuie hapohapo, Cherehani. Nakusihi, usinimalizie.

Mjomba wako